Programu ya Ghala kwa Kompyuta za Mbulu na Hanang: Zana za Kuijengea

Kabla hujapakua zana yoyote, nenda ukaione kompyuta itakayotumika. Iwe imekaa kwenye ghala la chama cha ushirika (AMCOS) Dongobesh, duka la pembejeo Katesh, duka la dawa Haydom au ofisi ya shamba la ngano Basotu, iwashe, fungua ukurasa wa sifa zake, uandike mambo manne: toleo la Windows, kama ni biti 32 au 64, ukubwa wa RAM, na ukubwa wa skrini kwa pikseli. Halafu chungulia nyuma yake. Kuna tundu la pini tisa la kuchomekea mizani, au ni USB tupu? Majibu haya ndiyo yatakayokuchagulia zana. Vijana wengi wanaomaliza chuo na kurudi nyumbani huanza upande wa pili: wanachukua kwanza kile kinachosifiwa mtandaoni, wanajenga kwenye kompyuta mpakato mpya yenye RAM ya GB 16, na siku ya kusakinisha ghalani programu haifunguki kabisa.

Sababu za kutofunguka zinajulikana. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Watengenezaji wa zana nao wamekuwa wakifuata nyuma. Electron iliziacha Windows 7 na 8 kuanzia toleo la 23, mwaka 2023. Lugha ya Go ilifanya hivyo mwaka huohuo kwenye toleo la 1.21, na Rust ikapandisha kiwango chake cha kawaida hadi Windows 10 kwenye toleo la 1.78, mwaka 2024. Qt 6 inadai Windows 10 kwenda juu, na mafaili yake rasmi ya Windows ni ya biti 64. Ukikuta ghalani mashine ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 na Windows 7 ya biti 32, sehemu kubwa ya zana zinazozungumzwa leo imeshajiondoa yenyewe.

Yupo atakayesema wanunue kompyuta mpya. Kwa usalama ni ushauri mzuri, hasa kwa mashine inayoingia mtandaoni, na ukiweza kuwashawishi viongozi wa chama, washawishi. Lakini chama kinachosubiri mbaazi ziuzwe ndipo kilipe madeni yake hakitanunua kompyuta kwa kuwa programu yako imeidai. Jenga kwa mashine iliyopo. Itakayokuja baadaye itaiendesha bila shida.

Kazi ipi inafaa

Zipo kazi ambazo hazihitaji programu ya kusakinishwa kwenye kompyuta ya ghala, na ni vizuri uziseme mapema kwa anayekulipa. Taarifa rasmi za chama cha ushirika zinaingia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, unaofanya kazi kwa mtandao. Risiti ya kodi hutoka kwenye mashine ya EFD au mfumo ulioidhinishwa na TRA, na karatasi ya printa yako haiwezi kuchukua nafasi yake. Kama kumbukumbu moja inatakiwa kuonekana kwa wakati mmoja Mbulu mjini, Haydom na Babati, tengeneza tovuti.

Kinachobaki katikati ndicho chako: kupokea mzigo, kuupima, kuandika jina la mkulima na kijiji chake, kumpa karatasi mkononi, na jioni kumwambia mtunza ghala zimeingia kilo ngapi za zao gani. Kazi hiyo haisubiri mtandao urudi. Mkulima ameshusha maharage kutoka Maretadu, gari linataka kugeuza kabla mvua haijaharibu barabara, na karani ana foleni mlangoni. Programu inayofaa hapo ni ile iliyogeuzwa na kompaila kuwa lugha ya prosesa yenyewe, ikakaa kwenye diski kama faili moja la .exe, ikazungumza na Windows moja kwa moja bila kubeba kivinjari kizima tumboni. Inafunguka mara moja, inasoma mizani kupitia kebo, inachapa, na haijali kama bando limekwisha.

Electron hufanya kinyume cha hayo. Kila programu iliyojengwa nayo hubeba Chromium yake, inazidi MB 100 kwenye diski kabla hujaandika mstari wako hata mmoja, na hula RAM kama kivinjari kilivyo. Kwa kampuni yenye mashine mpya na mafundi wa tovuti tele, ina sababu zake. Kwa RAM ya GB 2 haifai.

Zana zenyewe

Nakushauri uanze na Lazarus, na kwa ghala, duka au zahanati ndogo huenda usihitaji kwenda mbali zaidi. Mradi huu ulianza mwaka 1999, unatumia kompaila ya Free Pascal, na umefuata nyayo za Delphi ya Borland iliyotoka mwaka 1995: unavuta kitufe kwa kipanya, unakiweka kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika kitakachotokea kikibonyezwa. Toleo la 4.0 lilitoka mwaka 2025. Kifurushi chote cha kusakinisha hakifiki hata nusu ya GB, jambo kubwa kwa anayenunua bando. Visual Studio yenye sehemu ya C++ itakudai GB kadhaa. Vitufe na visanduku vinavyotokea ni vya Windows yenyewe, kwa hiyo karani anaviona vilevile alivyozoea, na hata programu za kuwasomea skrini wasioona huvitambua. Unaweza kuikusanya programu yako kwa biti 32, na itaendeshwa na Windows 7 bila ubishi.

Watu hushtuka wakiona faili la kwanza la Lazarus limefika MB 15 au zaidi kwa dirisha lenye kitufe kimoja. Uzito huo ni wa taarifa za kusaidia kusaka hitilafu. Zizime kwenye machaguo ya mradi unapotengeneza faili la kumpa mteja, nalo litashuka hadi kama MB 2 au 3. Leseni ya Lazarus inakuruhusu kuuza programu bila kutoa msimbo wako. Pascal yenyewe wengine huiona ya kizamani. Mimi naiona ni lugha inayosomeka, na mwalimu wa kompyuta wa sekondari anaweza kuichukua akaendelea pale ulipoishia ukihamia Arusha. Usilipuuze hilo unapojenga kitu cha kutumika wilayani miaka kumi.

Qt ni kubwa zaidi, kwa C++, na historia yake inagusa jambo linalofahamika Mbulu. Mwaka 1990 Wanorwei wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakitengeneza programu ya hifadhidata ya picha za altrasaundi kwa hospitali ya Trondheim. Ilitakiwa iendeshwe na Unix, Macintosh na Windows kwa pamoja, na hapakuwa na zana iliyofaa, wakaamua kuitengeneza wenyewe. Toleo la kwanza la hadharani lilitoka Mei 1995. Wasomaji wa Haydom, wanaotibiwa kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na Wanorwei mwaka 1955, hawatashangaa kwamba haja ya wodini ndiyo iliyozaa zana ambayo leo inaendesha VLC na mazingira ya KDE ya Linux.

Ichukue Qt pale programu itakapokuwa na michoro mingi, picha, majedwali marefu, au inapotakiwa iendeshwe Windows na Linux bila tofauti. Kwa Windows 7 tumia Qt 5.15, toleo la mwisho la mkondo wa tano. Tangu toleo la 4.5 la mwaka 2009 inapatikana kwa leseni ya LGPL: unaweza kuuza programu iliyofungwa mradi maktaba za Qt zibaki kwenye mafaili yake ya pembeni na mtumiaji aweze kuzibadilisha. Usiziunganishe ndani ya .exe yako halafu ukauza. Hapo ni rahisi kuvunja masharti. Kifurushi chako pamoja na maktaba hizo kitakuwa makumi ya MB.

wxWidgets, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992, nayo ni ya C++ na hutumia vitufe vya mfumo endeshi wenyewe. Audacity, ambayo wahariri wengi wa redio wanaifahamu, ilijengwa nayo kwa miaka yote hadi toleo lake la 3. Ukiwa unaijua C++ na hupendi masharti ya Qt, nenda nayo. GTK, iliyozaliwa kwa ajili ya GIMP, ni nzuri kwenye Linux. Kwenye Windows inakuja na msururu wa mafaili ya .dll na sura ya kigeni. FLTK ni nyepesi kupindukia na inafaa kwa skrini moja inayoonyesha uzito kwa tarakimu kubwa ukutani, ila majedwali yake utayahangaikia. Zana mpya za Rust na Go kama egui, Slint na Fyne zinavutia na nazifuatilia kwa karibu, lakini kompaila zake za sasa zimeiacha Windows 7, na nyingi huchora kupitia OpenGL, ambayo kadi za picha za mashine nzee huitekeleza nusunusu. Zijifunze. Siku kompyuta za ghalani zitakapobadilika zitakuwa zimekomaa.

Fomu ya kupokea mzigo

Chukua fomu moja uijenge mpaka iishe kabla ya kugusa nyingine, nayo iwe ya mapokezi. Namba ya mwanachama, jina, kijiji, zao, uzito ghafi, uzito wa gunia tupu, uzito halisi, bei. Kilo ndizo zinazoandikwa. Idadi ya magunia iwe maelezo ya pembeni tu, maana gunia la lumbesa na gunia la halali yote ni "gunia moja", na hapo ndipo mkulima hupunjwa.

Uzito na fedha usivihifadhi kwa namba za desimali zinazoelea. Kilo 87.5 ihifadhi kama gramu 87,500, na bei kama shilingi kamili. Ukizidisha namba zinazoelea kwa maelfu ya mistari, jumla ya mwisho wa msimu inaweza kupishana na ya daftari kwa shilingi chache, na shilingi chache zinatosha kumletea karani tuhuma asiyostahili.

Karani hafanyi kazi kwa kipanya. Mkono mmoja umeshika gunia, mwingine uko kwenye kibodi, na vidole vina vumbi. Kibonye cha Ingiza (Enter) kitoshe kumpeleka kisanduku kinachofuata. Kwenye Lazarus washa KeyPreview ya fomu, na kibonye cha Ingiza kikigongwa uite SelectNext(ActiveControl, True, True). Hakikisha mpangilio wa TabOrder unafuata jinsi mzigo unavyopita mbele yake: mtu kwanza, zao, kisha mizani. Herufi ziwe kubwa, pointi 12 au 14. Fomu nzima ienee kwenye pikseli 1024 kwa 700, kwa sababu skrini nyingi za zamani zina kimo cha 768 na mwambaa wa chini hula sehemu yake. Kitufe cha Hifadhi kikifichwa chini ya skrini, kwa karani hakipo.

Mizani nyingi za kielektroniki zenye tundu la pini tisa hutuma maandishi ya kawaida, mara nyingi kwa kasi ya 9600. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: ST,GS,+ 87.50kg. Herufi ST zinasema uzito umetulia. US zinasema bado unayumba. Pokea mistari ya ST peke yake. Programu inayonakili uzito wakati gunia bado linaning'inia itakuletea kilo tatu za uongo kila mara. Kwenye Lazarus maktaba ya Synaser inatosha kwa kazi hii, na kwenye Qt kuna QSerialPort. Soma kitabu cha mizani yenyewe, maana kila kampuni ina mpangilio wake, na kabla ya yote angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Programu nzuri iliyounganishwa na mizani mbovu huutangaza wizi kwa herufi nzuri.

Usomaji huo wa mizani uuweke kwenye uzi (thread) wake. Programu ya dirisha muda wote inazunguka: inachukua tukio moja kutoka kwenye foleni, labda kibonye kilichogongwa au kipanya kilichosogea, inalishughulikia, inarudi kuchukua jingine. Ukiiambia isubiri mizani ndani ya mzunguko huo, foleni yote inasimama, dirisha linapauka, na mtumiaji akidhani imekufa atazima umeme. Tumia TThread, na uzito ukipatikana upeleke kwenye fomu kwa TThread.Queue. Usiguse kisanduku chochote moja kwa moja kutoka uzi wa pembeni. Kosa hilo halionekani siku ya majaribio. Hujitokeza msimu ukiwa umechachamaa.

Majina ya watu na vijiji

Hapa ndipo programu nyingi zinazoletwa kutoka mbali zinapowakosea heshima watu wa wilaya hizi mbili. Tazama maandishi ya kawaida ya Kiiraqw: Hhando, Tluway, Slaa, Axwesso, Qwaray. Karani aliyetoka mkoa mwingine anaandika anavyosikia: Hando, Ahweso, Kwarai. Msimu unaofuata mkulima yuleyule anaandikishwa mara ya pili kwa tahajia nyingine, na malipo yake yanagawanyika. Usimlazimishe mtu abadili jina lake. Lihifadhi kama alivyoliandika mwenyewe, halafu kando yake weka safu ya pili iliyofichwa kwa ajili ya kutafutia: herufi zote ndogo, hh iwe h, x iwe h, q iwe k, y ya mwisho iwe i, herufi pacha ziwe moja, nukta na alama ziondoke. Anayetafuta "kwarai" atampata Qwaray, na anayetafuta "ahweso" atampata Axwesso. Wakitokea watu zaidi ya mmoja, onyesha na kijiji ili karani amtambue aliye mbele yake.

Kiiraqw kina pia alama ya mkwaju, /, inayotumika kama herufi ya sauti ya kooni. Ukitengeneza jina la faili kutokana na jina la mtu, Windows itaukataa mkwaju huo na karatasi yake haitahifadhika. Mafaili yape majina kwa namba ya mwanachama. Ritifaa (') nayo ina kesi yake: ukiandika amri ya hifadhidata kwa kuunganisha vipande vya maandishi, Balang'dalalu itakata amri katikati na kukuletea hitilafu. Tumia vigezo, yaani ParamByName kwenye Lazarus au bindValue kwenye Qt, kila mahali, bila kubagua. Na ukitaka kujua kama safu ya kijiji kwenye jedwali lako inatosha, ijaribu kwa Gidahababieg.

Umeme na nakala

Kwa hifadhidata tumia SQLite. Ni faili moja, haina seva ya kuhudumia, na imejengwa ili umeme ukikatika katikati ya kuandika, kilichokwisha kuthibitishwa kibaki na kisichothibitishwa kifutike chote. Ulinzi huo unafanya kazi tu pale unapothibitisha. Kwenye Lazarus wengi huita Post wakadhani wamemaliza. Rekodi bado iko kwenye kumbukumbu ya muda. Inabidi uite ApplyUpdates, kisha Commit, kwa kila mzigo mmoja uliopokelewa. Usisubiri karani afunge programu jioni, kwa sababu TANESCO haikusubiri. Mpangilio wa synchronous kwa kawaida uko FULL. Usiushushe kwa tamaa ya kasi. Mizigo mia mbili kwa siku haihitaji kasi yoyote.

Karatasi ya mkulima ichapwe baada ya Commit kurudi salama, kamwe kabla yake. Karatasi ikitangulia na umeme ukakatika, mkulima ana ushahidi wa mzigo ambao kompyuta haiujui.

Nakala ya akiba itengenezwe na programu yenyewe kila jioni, kwa amri ya VACUUM INTO, inayotoa faili zima hata hifadhidata ikiwa wazi. Kunakili faili kwa mkono wakati programu inafanya kazi kunaweza kukupa nusu ya habari. Faili la nakala liitwe kwa tarehe, liende kwenye flashi, na flashi iondoke ghalani na mtu. Desemba 3, 2023 maji na tope vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu wengi walipoteza maisha, nyumba na maduka yakafukiwa. Anayetunza kumbukumbu za watu wilayani Hanang hahitaji kuelezwa kwa nini nakala isilale droo moja na kompyuta. Mtandao ukipatikana, tuma nyingine mbali ikiwa imefungwa kwa nywila: majina, namba za simu na malipo ya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na chama kwa pamoja.

Lugha ya vitufe

Programu iwe ya Kiswahili tangu fomu ya kwanza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na tangu hapo hakuna fundi anayeweza kudai kwamba maneno hayapo. Faili, Hariri, Hifadhi, Chapa, Funga, Tafuta: yanaeleweka. Pale ghalani wana maneno yao, yatumie hayo. Kama kwenye daftari wameandika "mapokezi", usiwaletee "ingizo jipya".

Ujumbe wa kuuliza uandikwe kwa makini. Swali la kukanusha kama "Hutaki kuhifadhi?" lenye vitufe vya Ndiyo na Hapana ni mtego, kwani Mswahili akijibu ndiyo anakubaliana nawe kwamba hataki. Uliza kwa kuthibitisha, na vitufe vibebe kitendo chenyewe: "Futa mzigo huu" na "Usifute". Kwenye Lazarus maneno ya madirisha ya kawaida yanatoka kwenye kiolezo kiitwacho lclstrconsts. Kinakili, kitafsiri, kihifadhi kama lclstrconsts.sw.po, kisha uite SetDefaultLang('sw'). Qt ina zana yake ya kutafsiri iitwayo Linguist. Vitufe uviache vijipanue vyenyewe kwa AutoSize, maana maneno yetu ni marefu kuliko nafasi waliyoizoea waliochora fomu za mwanzo.

Tarehe iandikwe siku kwanza, mwezi, mwaka. Saa ihifadhi kwa mpangilio wa kompyuta wa saa 24, ila kwenye skrini ionyeshe kama karani anavyoiandika: 08:15 iwe saa 2:15 asubuhi. Ni kutoa sita, ukiongeza kumi na mbili jibu likiwa sifuri au chini yake, na kuzitoa likizidi kumi na mbili, na ugomvi wa "gari lilifika saa ngapi" unakwisha.

Siku ya kusakinisha

Tengeneza kisakinishi kwa Inno Setup, kibebe .exe yako na sqlite3.dll ya biti zilezile. Ukichanganya 32 na 64 programu itagoma. Kijaribu kwanza kwenye mashine ambayo haijawahi kuona Lazarus, kwa sababu kompyuta yako ya kujengea ina vitu vingi vilivyojificha ambavyo ya ghalani haina. Namba ya toleo ionekane juu ya dirisha, ili karani akikupigia simu jambo la kwanza akusomee hiyo. Msimbo wote uuache kwa chama kwenye flashi ya pili, pamoja na maelezo ya namna ya kuukusanya. Programu ya ushirika isimtegemee fundi mmoja.

Usisakinishe msimu ukiwa katikati. Nenda wiki kadhaa kabla ya mavuno, ukae na karani aingize mizigo ya mwaka jana kutoka kwenye daftari, nawe utazame bila kumshika mkono: pale anaposita ndipo fomu yako ina kasoro. Rekebisha usiku, rudi kesho. Msimu ukifunguliwa, daftari la karatasi liendelee kando ya kompyuta mpaka mavuno yaishe. Kila jioni jumla za kilo za pande zote mbili zilinganishwe, na zikipishana mtafute mstari uliosababisha kabla mlango wa ghala haujafungwa.